Tumpe wa Watu Mia Tatu

Sekela alifika Jumapili mchana, ibada ikiwa imeisha muda si mrefu, viatu vyake vya kanisani mkononi na miguu imejaa matope meusi hadi kwenye vifundo. Atuganile alimjua kwa sura. Alikuwa mke wa Lugano, yule kijana wa tangi namba kumi na tisa kule kiwandani, tangi linalopakana na lake.

"Shikamoo, Mama Tumpe."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, utalowa."

Mgeni aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa polisi. Chai aliipokea lakini hakuinywa. Mvua ya Rungwe, ile isiyo na haraka, ilikuwa inachapa bati.

"Nimekuja kukuuliza kitu," Sekela alisema hatimaye. "Wewe unashinda naye kutwa nzima. Lugano ana mwanamke huko kazini?"

"Simjui kwa tabia hiyo."

"Basi ana nini? Kila siku ikifika saa kumi na mbili jioni anatoka, anasimama mlangoni, anaangalia barabara. Namuuliza, unamsubiri nani? Ananiambia hajui. Watoto wake wote watatu wako ndani wanamwita, baba njoo ule, yeye yuko mlangoni." Sekela aliweka kikombe chini. "Juzi nimemkuta jikoni. Sisi ni watano, Mama Tumpe. Kapakua sahani ya sita, kaifunika na kawa. Ndizi za karanga. Nikaonja, hazina chumvi hata chembe. Nikamwambia umesahau chumvi. Akaniambia, sikusahau, yeye hali chumvi. Nikamuuliza, yeye nani? Akaanza kulia. Mwanaume mzima, analia kama mtu aliyefiwa, na hawezi kunitajia jina."

Atuganile alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mimi si mtu wa wivu," Sekela aliendelea. "Kama ana mtu, aniambie, nijue moja. Lakini huyu analilia mtu asiyemjua. Nitagombana na nani?"

"Mume wako hana mwanamke," Atuganile alisema. "Huyo asiyekula chumvi ni mwanangu."

* * *

Kiwanda cha Lusungu kilikuwa hakichemshi rangi tena. Kilikuwa kinazifuga. Kwenye matangi yake arobaini waliishi kuvu waliokula wanga wa muhogo na kutoa jasho la zambarau, la buluu, la rangi ya kutu, na jasho hilo ndilo lililopaka vitenge vilivyovaliwa kuanzia Mbeya mpaka ng'ambo ya ziwa. Mashine zilijaribiwa, zikashindwa. Kuvu wakiguswa na chuma wanachacha. Walitaka mtu, pua yake na mkono wake, wa kujua lini wana njaa na lini wameshiba. Ndiyo maana wafanyakazi wa Lusungu, mia tatu na kumi na wawili kwa zamu zote, waliitwa walezi.

Taabu ilikuwa kwenye masalia. Kitambaa kikishatolewa, maji yaliyobaki tangini huwa bado ni hai. Inabidi yalazwe: mlezi anamwaga maji moto ya majivu, anafunika, anasubiri dakika arobaini, ndipo afungue koki maji yaende mtoni. Ukifungua baada ya dakika kumi, kwa macho huoni tofauti. Maji ni yale yale, rangi ni ile ile. Lakini yakishateremka siku moja na nusu, yakafika kwenye majaruba ya mpunga kule Kyela ambako kuna joto, yanaamka. Yanatanda juu ya maji kama ngozi, na mpunga unakosa hewa chini yake.

Aliyefungua koki yuko juu mlimani, kwenye baridi. Haoni kitu.

Uongozi ulifunga vipimo kwenye mabomba. Vikaota ukungu wa rangi ndani ya wiki moja, vikapofuka. Ukaweka saa; walezi wakajifunza kuianzisha kabla ya kumwaga majivu. Kukawa na semina, mabango, na wimbo wa kuimbwa asubuhi kabla ya zamu. Watu waliimba vizuri kabisa, sauti nne, kisha wakaenda kufungua koki baada ya dakika kumi, maana foleni ya vitambaa ilikuwa inasubiri na kila mtu alitaka kwenda nyumbani.

Alipokuja Daktari Mbelwa na chupa zake za sampuli, alikuta tangi moja tu kati ya arobaini ambalo maji yake yalikuwa yamelala kweli, wiki hadi wiki, bila kukosa. Namba ishirini. La Atuganile.

"Mama, wewe unasubiri," Mbelwa alimwambia siku ile. Alikuwa mtu mpole, Msambaa, mwenye mazoea ya kuegemea mbele anapomsikiliza mtu. "Kwa nini?"

Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na bango. Atuganile alilisoma. "Napenda mazingira," alijibu.

Kwa siku sita akafanya kazi akiwa amevaa wavu wa nyaya kichwani. Mbelwa alimweleza wanachokifanya. Hawachukui mawazo, alisema. Mawazo ni ya mtu na yatabaki kwake. Wanachochukua ni uzito tu, ile nguvu inayomshika mkono asifungue koki. Watauweka kwenye kifungo kidogo kinachobandikwa nyuma ya sikio, na kila mlezi akisimama mbele ya tangi lake ataubeba uzito ule ule.

Alikubali. Alifikiria kitu kimoja tu: kwamba matangi yote arobaini yakilala, maji yatakuwa safi mpaka Ikombolo.

Na Ikombolo ndiko aliko Tumpe.

Atuganile na mume wake waliachana binti yao akiwa na miaka tisa. Baba akamchukua, akashuka naye kwao Kyela, kwenye mpunga. Hapakuwa na ugomvi mkubwa. Kila likizo Tumpe alipanda kuja kwa mama yake, na gari liliingia stendi saa kumi na mbili kasoro, ikawa saa kumi na mbili kamili mtoto yuko pale kwenye kona ya barabara na begi lake mgongoni. Ndizi za karanga zilikuwa tayari, bila chumvi, maana mtoto yule alikuwa na mdomo wake wa ajabu.

Kisha ukaja mwaka wa rangi. Tumpe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walezi wote wiki ile walifungua mapema, Atuganile akiwa mmoja wao, na majaruba ya Ikombolo yakafa yote, pamoja na ya babu yake Tumpe. Binti aliporudi huko baada ya likizo alituma ujumbe mmoja: *Mama, rangi yenu imefika huku.* Likizo iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Mwaka wa tatu Atuganile alipanda gari kumfuata, akafika darajani ambapo barabara ya Ikombolo inachepuka, akashuka, akasimama pale na zawadi zake, akakosa neno la kuanzia. Alirudi na gari lile lile.

Ilikuwa miaka kumi na moja sasa. Watu waliendelea kumwita Mama Tumpe, kama ilivyo desturi, na kila alipoitwa alisikia jina la mtoto kabla ya lake. Alisubiri dakika arobaini kwa sababu maji yale, tofauti na yeye, yalikuwa yanafika.

* * *

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Mbelwa bila kubisha hodi.

"Mlijua?"

Daktari alimtazama, akavua miwani. "Kaa kwanza, mama."

"Nimeuliza mlijua?"

"Tulijua kuna kitu kinasafiri pamoja na ule uzito. Mwanzoni hatukujua kwamba ni mtu." Akafuta miwani. "Kifungo hulala mlezi akitoka getini. Lakini kichwa cha binadamu ukikizoesha kitu saa nane kwa siku, mwaka mzima na zaidi, kinaanza kukitengeneza chenyewe. Wameniambia wake zao. Wameniambia waume zao. Kuna mlezi wa zamu ya pili anasuka nywele za mtoto ambaye hayupo. Mikono inajisukia hewani."

"Mtoeni mwanangu humo. Bakizeni hiyo ya kusubiri."

"Nimejaribu." Aligeuza kioo chake cha kazi ili Atuganile aone. Palikuwa na mstari unaopanda taratibu na kukaa juu, tambarare, kama mlima uliokatwa kichwa. "Huu ni mkono wako unaposubiri. Sasa naondoa ile hamu ya mtu." Aligusa. Mstari ukaanguka chini kabisa. "Nilipoanza kazi hii nilidhani nitakuta kupenda mto, au kumcha Mungu, au uaminifu wa kazi. Vipo, mama. Lakini ni vidogo. Haviwezi kuushika mkono wa mtu kwa dakika arobaini huku foleni inamsukuma. Anayeushika ni yeye."

Atuganile aliutazama ule mstari ulioanguka. Alijisikia kama amevuliwa nguo mbele ya watu.

"Kuna viwanda tisa vinausubiri mfumo huu," Mbelwa alisema. "Naweza kuupeleka kwa ruhusa yako tu. Na sheria unaijua, kilichotoka kichwani mwako ni chako. Ukisema kwa sauti yako unakirudisha, vifungo vyote vinazimika siku hiyo, na mimi sina la kufanya. Lakini kabla hujasema, angalia." Akaleta picha. "Ikombolo, mwezi uliopita. Mavuno ya kwanza makubwa baada ya miaka kumi na moja. Nilikwenda mwenyewe."

Hakuwa amejiandaa. Palikuwa na mpunga wa rangi ya dhahabu iliyochoka, maturubai yametandazwa, watu wanapura. Mkono wake ulinyooka wenyewe. Alivuta picha ikawa kubwa, akapita sura moja baada ya nyingine, na hakuijua hata moja. Mwishoni, pembeni, palikuwa na msichana aliyeipa kamera mgongo, kilemba cha kijani, mabega mapana, ameinama kufunga gunia.

"Huyu ni nani?"

"Sijui, mama. Niliowapiga picha ni wengi."

Aliutazama ule mgongo kwa muda mrefu, akijaribu kukumbuka mtoto wa miaka kumi na mitatu anavyoinama. Hakuweza kujua.

* * *

Aliwaambia wakati wa chakula cha mchana. Hakuwa mzungumzaji, alisimama kwenye lango la bwalo, kijiko kikiwa bado mkononi, akasema kwamba ana neno. Wenzake wakageuka. Walikuwa wote na kile kifungo cheusi nyuma ya sikio, na wote, kwa miezi kumi na minne sasa, walikuwa na macho ya watu wanaotega sikio nje.

Aliwaeleza yote. Mtoto, gari la saa kumi na mbili, chumvi, mwaka wa rangi. Aliwaeleza kwamba siku ile ya kupimwa alimjibu daktari kwa kusoma bango. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo ana jina," alisema mtu nyuma kabisa.

"Anaitwa Tumpe."

Kishindo kidogo kilipita bwaloni, kama watu wengi wanaotua mzigo kwa pamoja. Wengine walilitamka lile jina chinichini, kulijaribu mdomoni.

Anyisile alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikuwa mlezi wa tangi la tatu, karibu astaafu, mwanamke ambaye hakuwahi kupata mtoto na ambaye watu hawakuzoea kumsikia. "Mama Tumpe, usimwondoe," alisema. "Nakuomba. Mimi nimeishi miaka hamsini na saba, jioni inaingia na sina wa kumsubiri. Sasa ninaye. Naumia, ndiyo. Lakini naumia kama wenzangu."

Ndipo Lugano akasimama, mikono yake yenye rangi ya kutu hadi viwikoni ikining'inia.

"Mimi nina watoto watatu," alisema. "Wa mwisho ana miaka miwili. Ananikimbilia nikifika. Namwinua, namtazama usoni, na kila siku moyo wangu unaniambia, siye." Akamgeukia Atuganile. "Kila siku, mama. Mtoto wangu mwenyewe. Siye. Nirudishie macho yangu."

Aliketi. Kwenye meza ya jirani mtu mmoja aliufunika uso kwa mikono.

Kulikuwa hakuna njia ya kuzima kimoja na kuacha kingine. Sauti yake ingezima vyote. Atuganile alisimama pale huku akimwona Anyisile upande mmoja na Lugano upande mwingine, na katikati yao, mbali, yule msichana wa kilemba cha kijani anayefunga gunia. Mpunga ule ulikuwa umeota juu ya migongo ya watu hawa. Akisema, hautaota tena, au utaota nusu, na anayekula ule mpunga ndiye mtu pekee ambaye mama yake alitaka ale.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Alifanya kazi, alisubiri dakika zake arobaini, aliwaangalia wenzake wakisubiri za kwao na machozi yanawatoka bila wao kujifuta. Siku ya tatu alikwenda kusimama mbele ya tangi la Anyisile.

"Nisamehe," alimwambia.

Anyisile hakuinua kichwa. "Najua. Nilijua tangu yule kijana alipozungumza." Kisha akaongeza: "Nitaendelea kupika mapema. Nimezoea."

Mchana ule, bwalo likiwa limejaa watu wa zamu zote, Atuganile aliwaambia kwanza maji yanakopita. Alitaja kila kijiji kutoka getini hadi ziwani. Alitaja majaruba ya Ikombolo na jinsi mpunga unavyokufa. "Hamtamsikia tena mwanangu moyoni," alisema. "Lakini sasa mnajua yuko wapi, na mnajua hayuko peke yake kule. Mkifungua mapema, mtakuwa mnafungua mkijua." Kisha akageukia chombo cha Mbelwa cha kunasa sauti, pale ukutani, akataja jina lake kamili, akasema anakirudisha kilicho chake.

Hakukuwa na mlio wowote. Watu walijigusa tu nyuma ya masikio, na wakatazamana.

* * *

Hamu iliwatoka taratibu, kwa siku kumi hivi. Bwaloni vicheko vilirudi. Wiki ya pili Mbelwa alipita na chupa zake, na jioni akamwita Atuganile ofisini.

"Kabla ya kifungo lilikuwa tangi moja. Kwenye kifungo yalikuwa arobaini," alisema. "Leo ni ishirini na matatu."

"Yamelala kabisa?"

"Kabisa. Sikutegemea. Kuna watu ishirini na kitu kwa kila zamu wanaosubiri na hakuna kinachowashika zaidi ya maneno uliyowaambia." Alisugua macho. "Lakini kumi na saba hayajalala, mama. Na unajua kumi na saba ni nini kule chini."

"Najua."

"Itabidi nimtafute mtu mwingine."

"Mtafute," Atuganile alisema. "Ukimpata, muulize kwanza anamkosa nani. Na uwaambie watakaobeba."

Mbelwa aliinamisha kichwa.

Nje alimkuta Lugano ameegemea ukuta, anamsubiri.

"Langu ni mojawapo ya hayo kumi na saba," Lugano alisema. "Nataka ulisikie kwangu. Nilifika dakika ya ishirini na tano nikafungua. Nilikuwa nakumbuka kila ulichosema, mama, kijiji kwa kijiji. Lakini neno halishiki mkono kama kile kitu kilivyokuwa kinashika. Nitajaribu tena kesho."

"Na nyumbani?"

Uso wa kijana ulifunguka kabla hajaweza kuuzuia. "Jana nimekula na wanangu," alisema.

Atuganile alimshika bega, akapita. Alikuwa tayari anahesabu kichwani: siku moja na nusu kwa kila mzigo wa maji, na wiki mbili zimekwisha. Rangi ilikuwa imeshafika. Watu wa Ikombolo walikuwa wanaitazama ikitanda na hawajui kwa nini imerudi, wala ni nani aliyeirudisha. Mtu alitakiwa awaambie, na hakuwa na wa kumtuma.

* * *

Aliteremka Kyela Jumamosi. Pale darajani alibaki kwenye kiti chake garini, ameshika nguzo kwa mikono miwili, mpaka gari likachepukia Ikombolo na daraja likabaki nyuma.

Joto la chini lilimpokea kama pumzi ya mtu. Aliuliza njia mara mbili, na mara ya pili mtoto alinyoosha kidole tu: yule pale. Majaruba yalikuwa yamelala sawa mpaka kwenye michikichi, na juu ya maji, kwa vipande vipande, palikuwa na ngozi ya zambarau inayong'aa vizuri mno kwa kitu kinachoua. Katikati ya jaruba moja mwanamke kijana alikuwa amesimama, maji yamemfika magotini, anaikokota ile ngozi kwa wavu wenye mpini mrefu. Hakuwa na kilemba cha kijani. Alikuwa na mabega ya baba yake.

Alimwona mgeni kwenye tuta. Alisimama wima.

"Shikamoo," Tumpe alisema.

"Marahaba."

"Imerudi wiki iliyopita." Alionyesha maji kwa kidevu. "Mwaka jana haikuwepo. Mwaka huu tukavuna, tukapanda tena. Tukadhani imekwisha."

"Ilikuwa imekwisha. Aliyeirudisha ni mimi."

Alieleza akiwa amesimama pale pale, viatu mkononi, jua la saa tano likimchoma utosini. Hakupunguza kitu. Tumpe alisikiliza bila kusogea, amekumbatia mpini wa wavu.

"Watu mia tatu," alisema mwishowe. "Walikuwa wananisubiri mimi?"

"Kila siku. Saa kumi na mbili. Bila kukujua jina. Mmoja alikuwa anakupakulia chakula kisicho na chumvi."

Kitu kilipita usoni mwa binti, kikatoweka. "Siku hizi nakula chumvi," alisema.

Atuganile alitikisa kichwa kukubali.

"Ungenyamaza tu. Wangeendelea kulia huko juu, na sisi tungevuna. Nani angekulaumu?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Wale watu hawakunikosea kitu," Atuganile alisema. "Na nilikuwa nimewatuma wao wakusubiri, mimi nimekaa nyumbani."

Tumpe aliangalia pembeni, kuelekea kwenye michikichi. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, na kwa mara ya kwanza ilifanana na ile ya mtoto wa kona ya barabara. "Mwaka ule. Lilikuwa tangi lako?"

"Sijui. Kila mtu alifungua mapema, hakuna atakayejua la nani lilifika huku. Lakini nilifungua. Ilikuwa Ijumaa ya kufunga shule. Nilitaka kuwahi kukupikia."

Binti alifumba macho. Alisimama hivyo, maji yakizunguka magoti yake, na mama yake hakumsogelea. Alikuwa ameota wakati huu kwa miaka kumi na moja na katika ndoto zote alikuwa anakimbia, anamkumbatia. Sasa aliona kwamba hapo aliposimama ndipo alipotakiwa asimame mpaka aambiwe vinginevyo.

Tumpe alifumbua macho. Alitoka majini, akapanda tuta, akampita karibu kiasi cha Atuganile kusikia harufu ya jasho lake na ya tope, na akaenda kwenye kibanda cha majani. Alirudi na wavu mwingine, wa zamani, mpini wake umefungwa kwa kamba pale ulipovunjika.

"Usiusukume utando, utapasuka na kusambaa," alisema. "Unauvuta kwako taratibu, kama unavyoondoa utando wa maziwa. Wavu ukijaa unamwaga kule kwenye shimo. Jaruba hili likiisha kuna mengine sita."

"Nimeelewa."

"Anzia upande ule wa mfereji. Mimi nitaanzia huku." Tumpe alisita, akaongeza, bila kumtazama: "Tutakutana katikati, mama."

Atuganile alikunja gauni, akalifunga kiunoni, akaingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na tope lilikuwa laini, likamshika miguu. Alinyoosha wavu, akauvuta kwake taratibu. Chini ya ile zambarau ulitokea mche mmoja wa mpunga, umelala, bado ni wa kijani. Jaruba lilikuwa refu. Kule mwisho wake binti alikuwa ameshainama kazini, mdogo kwa umbali, na kila baada ya muda aliinua kichwa kuangalia kama yule mtu wa upande wa mfereji bado yupo.